Askofu Steere na Mtambo wa Chapa

Edward Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisomea sheria, kisha akawa padre, na mwaka 1864 akafika Unguja. Sisi wa Masasi twamjua kwa safari ya mwaka 1876, alipowaongoza watu waliokombolewa utumwani, wakashuka Lindi na kwenda kwa miguu hata wakafanya makao hapa. Lakini kazi yake inayotugusa sote mpaka leo ni ile ya mtambo wa chapa.

Alijifunza mwenyewe kupiga chapa, akawafundisha vijana wa misheni. Si kazi nyepesi. Herufi za risasi hupangwa moja moja, nazo zimegeuka kama zionekanavyo kiooni. Kijana akichanganya n na u, neno limeharibika. Steere alikaa na wenyeji akaandika hadithi zao, zikatoka kitabuni mwaka 1870 pamoja na kitabu chake cha sarufi. Mwaka 1876 kikachapwa kijitabu chake cha lugha ya Kimakonde.

Waswahili walikuwa wakiandika kwa herufi za Kiarabu tangu zamani, kwa hiyo tusidhani kwamba yeye ndiye aliyewapa maandishi. Alichobadilisha ni chombo. Hadithi ya bibi, iliyokuwa ikigeuka kila usiku kwa kadiri ya wasikilizaji, sasa ilisimama palepale ukurasani. Na Kiunguja, kwa kuwa ndicho kilichochapwa, kikazitangulia lahaja nyingine. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ukakichagua kiwe msingi wa Kiswahili sanifu.

Marshall McLuhan, mwalimu wa Kanada aliyefariki mwaka 1980, alifundisha kwamba chombo cha habari hutubadilisha kuliko habari zenyewe. Pengine alitia chumvi. Lakini itazameni simu ya mkononi: kwa kuwa Steere alitumia herufi za kawaida za Kirumi, bila alama nyingi juu yake, mtu wa Newala humwandikia nduguye aliyeko Dar es Salaam kwa simu iliyotengenezwa ng'ambo, wala hapungukiwi herufi. Vijana nao wameyafupisha maneno hata wazee hawayasomi! Na sauti zinazotumwa kwa simu zimemrudishia bibi zamu yake ya kusimulia.

Steere alifariki Unguja tarehe 27 Agosti 1882, akazikwa katika kanisa alilolijenga Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa. Mwezi uliofuata Wamagwangwara waliivamia Masasi, na baadhi ya watu wake wakahamia Newala.