Daudi Susi: Furaha Iliyokawia

Sisi wa Mkange tufikapo Bagamoyo tumkumbuke Abdulla Susi. Alizaliwa Chupanga, kando ya mto Zambezi, akaajiriwa na Dk. David Livingstone katika miaka ya 1860. Livingstone alipofariki kwa Chitambo mwaka 1873, Susi na Chuma na wenzao walizika moyo wake pale chini ya mti, wakaukausha mwili, wakauchukua kwa miguu hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874.

Chuma alikwisha kubatizwa Bombay mwaka 1865, lakini Susi bado. Alisikia sala za bwana wake miaka mingi asiamue. Baadaye aliongoza misafara ya wamisionari wetu wa UMCA, na mwaka 1886 akabatizwa Unguja. Akaitwa Daudi, jina la yule aliyembeba. Alifariki mwaka 1891.

Kwetu pia wako wanaosimama mlangoni mwa kanisa miaka nenda miaka rudi. Tusiwachoke, wala wao wasione haya kwamba wamechelewa. Wafanyakazi wa saa ya kumi na moja walipewa ujira kamili. Furaha ya Bwana ndiyo hiyo, haipunguzwi kwa aliyekuja jioni.