Mwalimu Nyerere Alipokuwa Mwanafunzi wa Chuo Kikuu

Wako wanachuo waingiao darasani wakiwa na kalamu mkononi lakini hawana swali kichwani. Hunakili yote asemayo mkufunzi, huyakariri hadi siku ya mtihani, kisha huyaacha huko huko. Kwa sababu hiyo twaona inafaa kutazama jinsi Hayati Mwalimu Julius Nyerere alivyosoma kabla hajawa kiongozi wa taifa.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, akaanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Alipomaliza Shule ya Serikali ya Tabora aliingia Makerere mwaka 1943 kusomea ualimu. Huko alisoma hoja za mwanafalsafa wa Uingereza, John Stuart Mill, juu ya kutawaliwa kwa wanawake. Alizichukua hoja hizo akazipima kwa hali ya wanawake wa Wazanaki, watu wake mwenyewe, akaandika insha iliyopata tuzo. Hivyo somo la darasani likamsaidia kuyachunguza maisha aliyoyajua tangu utotoni.

Baada ya kufundisha St. Mary's, Tabora, alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1949. Alichukua shahada ya kawaida yenye masomo mengi: uchumi, historia, sheria ya katiba, falsafa ya maadili na anthropolojia. Mpango huo ulimwachia wasaa wa kusoma na kutafakari nje ya vipindi. Aliutumia kufikiri juu ya ukoloni na uhusiano wa watu wa rangi mbalimbali Afrika Mashariki, akaandika makala juu ya jambo hilo kabla ya kurudi nyumbani mwaka 1952. Alipochaguliwa kuiongoza TANU mwaka 1954, akiwa mwalimu wa Pugu, mengi ya masuala yaliyomkabili alikwisha kuyatafakari.

Sisi walimu tuna la kujifunza hapa. Mwanachuo wa Tunduma anaposikiliza somo la saikolojia ya mtoto, na ajiulize linamweleza nini juu ya mtoto azungumzaye Kinyamwanga nyumbani na kukutana na Kiswahili darasani. Aandike swali lake kabla ya kipindi, amwulize mkufunzi, kisha alijaribu jibu wakati wa mazoezi ya kufundisha. Asipofanya hivyo atahitimu na daftari lililojaa, na mtoto yule atakaa dawati la nyuma mwaka mzima pasipo kueleweka.