Anna Freud

Anna Freud (Vienna, Austria, 3 Desemba 1895 – London, Uingereza, 9 Oktoba 1982) alikuwa mwanasaikolojia na mmoja wa waanzilishi wa tiba ya nafsi kwa watoto. Anakumbukwa hasa kwa kazi yake na watoto walioumizwa na Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Maisha

Alikuwa mtoto wa mwisho kati ya sita wa Sigmund Freud, mwanzilishi wa uchambuzi wa nafsi, na mkewe Martha Bernays. Kwanza alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na hilo linaonekana katika kazi yake yote: aliwajua watoto darasani kabla ya kuwatibu. Katika kitabu chake cha mwaka 1927 alieleza kwamba mtoto hatibiwi kama mtu mzima. Hakuomba tiba mwenyewe, mara nyingi haoni kwamba ana tatizo, na bado anawategemea wazazi wake. Melanie Klein alimpinga, na ubishi wao karibu uvunje chama cha wachambuzi wa nafsi cha Uingereza miaka ya 1940.

Familia yao ilikuwa ya Kiyahudi. Mwaka 1938 iliwakimbia Wanazi ikahamia London.

Watoto wa vita

Pamoja na rafiki yake Dorothy Burlingham alifungua vituo vya kulelea watoto huko Hampstead, London, wakati mji ukipigwa mabomu. Gharama zililipwa na shirika la kuwafadhili watoto wa vita ambalo leo linaitwa Plan International. Huko aliona kwamba watoto wadogo wengi waliumizwa zaidi na kutengwa na mama kuliko na mabomu yenyewe. Akawagawa katika "familia" ndogo, kila moja na mlezi wake, na mama waliruhusiwa kuja saa yoyote.

Mvulana mmoja aliyefiwa na baba alijenga nyumba za karatasi na kuzipiga mabomu ya gololi. Katika mchezo wake watu wote waliokolewa, na kila nyumba ilisimamishwa tena. Hakulazimishwa kusema. Miezi kadhaa baadaye alitamka mwenyewe kwamba baba hatarudi.

Mwaka 1945 watoto sita wa miaka mitatu hivi, yatima waliotoka kambi ya Wanazi ya Theresienstadt, walipelekwa kwenye nyumba iitwayo Bulldogs Bank, kusini mwa Uingereza. Walivunja vitu, wakawauma walezi, lakini hawakukubali kutenganishwa hata kidogo. Walezi hawakuwatenganisha. Wao kwa wao walikuwa ndiyo familia.

Kasulu na Kibondo

Maswali hayohayo yapo katika kambi za mkoa wa Kigoma, Tanzania, ambako Plan International imefanya kazi ya kuwalinda watoto. Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi kutoka Kongo. Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka 2015 kwa Warundi. Watoto wa kambi moja hawana jeraha moja. Mmoja alipotezana na wazazi njiani, mwingine alizaliwa kambini na vita anavijua kwa masimulizi tu. Mmoja husema Kirundi, mwingine Kibembe au Kiswahili cha Kongo. Ndiyo maana mchezo, kuchora na nyimbo hutumika pale ambapo mazungumzo hayatoshi, na watoto wasio na wazazi hutafutiwa familia za kuwalea miongoni mwa wakimbizi.

Si kila kitu cha Hampstead kinahamishika. Katika kliniki aliyoifungua mwaka 1952, mtoto aliweza kuonwa siku tano kwa wiki kwa miaka. Kambini, penye maelfu ya watoto na wataalamu wachache, hilo haliwezekani. Tena maandishi yake humweka mama katikati, wakati watoto wengi wa nyanda hizo hulelewa pia na bibi, shangazi na dada wakubwa. Kwa hao, wale sita wa Bulldogs Bank ni mfano wa karibu zaidi.