Carlos Chagas: daktari aliyemfuata mdudu kwenye nyufa za ukuta

Katika kipindi chetu cha afya tukizungumzia malale na mbung'o, huwa tunataja kwa haraka ndugu yake wa ng'ambo, ugonjwa wa Chagas. Muda wa redio hautoshi kueleza jina hilo limetoka wapi. Makala hii inaeleza maisha ya Carlos Chagas, daktari wa Brazil aliyeugundua ugonjwa huo mwaka 1909. Inaeleza pia kwa nini hadi leo familia zenye asili ya Amerika ya Kusini na ya Kati, hata zile zilizohamia Marekani na Ulaya, zinahimizwa kwenda kuupima.

Mtoto wa shamba la kahawa

Carlos Chagas alizaliwa mwezi Julai, mwishoni mwa miaka ya 1870, karibu na mji mdogo wa Oliveira katika jimbo la Minas Gerais. Wazazi wake walikuwa wakulima wa kahawa. Baba yake alifariki Carlos akiwa na miaka 4, na mama yake akabaki na watoto wadogo na shamba la kusimamia. Mama alitaka kijana wake awe mhandisi, akampeleka chuo cha madini huko Ouro Preto. Masomo hayo hayakumfaa. Mjomba wake aliyekuwa daktari ndiye aliyemvuta kwenye tiba, na Carlos akaenda kusoma Rio de Janeiro.

Rio ya wakati ule ilikuwa na homa ya manjano, tauni na ndui. Meli nyingine ziliogopa kutia nanga bandarini. Hapo ndipo Chagas alipokutana na Oswaldo Cruz, daktari aliyekuwa anaongoza maabara ya kutengeneza chanjo na kuchunguza magonjwa. Chagas aliandika kazi yake ya kuhitimu kuhusu malaria, na tangu hapo Cruz akawa mwalimu na rafiki yake.

Kufukiza nyumba kwa pareto

Mwaka 1905 kampuni ya bandari ya Santos ilikuwa inajenga mtambo wa umeme wa maji sehemu inayoitwa Itatinga. Malaria iliwaangusha vibarua wengi mpaka kazi ikakwama. Chagas aliitwa kusaidia. Siku zile, kupambana na malaria kulimaanisha zaidi kukausha madimbwi na kuua viluwiluwi. Chagas aliona kwamba watu wengi waliambukizwa usiku, wakiwa ndani ya nyumba, na kwamba mbu akishashiba damu hutua ndani humohumo. Basi akaamua kumpiga mbu nyumbani. Nyumba zilifungwa na kufukizwa, ikiwemo kwa pareto, zao ambalo wakulima wa nyanda zetu za juu wanalijua vizuri. Wagonjwa wapya walipungua na kazi ikaendelea.

Ukiona leo vijana wanapita kijijini kupuliza dawa ukoko kwenye kuta, wanafuata hoja hiyohiyo: mbu hushambulia ndani, basi tumsubiri ndani.

Miaka miwili ndani ya behewa

Mwaka 1907 reli mpya ilikuwa inapita katikati ya Minas Gerais. Malaria ikawashika tena wajenzi, na Chagas akatumwa Lassance, kituo kidogo kisicho mbali na mto São Francisco. Hapakuwa na hospitali wala nyumba ya daktari. Alipewa behewa la treni. Humo alilala, humo aliweka hadubini yake, na humo aliwapokea wagonjwa.

Katika kutibu malaria aliona jambo ambalo malaria haikuweza kulieleza. Watu waliokuwa bado na nguvu za kufanya kazi walilalamika moyo unakwenda mbio, au unaruka mapigo. Baadhi walianguka wakafa ghafla. Wenyeji walikuwa wamezoea.

Mhandisi mmoja wa reli alimwonyesha mdudu mkubwa anayenyonya damu, aliyejaa kwenye vibanda vya miti na udongo. Mchana alijificha kwenye nyufa za ukuta na kwenye paa la nyasi. Usiku taa ikizimwa alishuka na kuwanyonya waliolala, mara nyingi usoni. Kwa sababu hiyo Wabrazil wanamwita kinyozi. Familia maskini zililala naye chumba kimoja miaka yote, kama sisi tunavyowajua kunguni.

Chagas alijiuliza: ikiwa mbu hubeba malaria, huyu habebi kitu? Akampasua, akatazama tumboni mwake kwa hadubini, akakuta vimelea wenye mkia wanaoogelea. Walifanana na vimelea wa malale ambao wanasayansi walikuwa wamewatambua Afrika miaka michache tu kabla, wakati malale inamaliza watu kandokando ya Ziwa Victoria upande wa Uganda. Akatuma wadudu kwa Oswaldo Cruz huko Rio. Cruz akawaacha wawanyonye tumbili wadogo, na baada ya majuma machache vimelea vikaonekana kwenye damu ya tumbili. Chagas alikipa kimelea jina la mwalimu wake: Trypanosoma cruzi.

Lilibaki swali moja, kama binadamu naye anaambukizwa. Chagas akaanza kupita nyumba kwa nyumba akichukua damu. Mwezi Aprili 1909 alimkuta mtoto wa kike wa miaka 2 mwenye homa kali, uso umevimba, katika nyumba iliyojaa vinyozi. Vimelea vilikuwemo kwenye damu yake, na hata paka wa nyumba hiyo alikuwa navyo. Mtoto huyo alipona homa na akaishi hadi uzee.

Kwa kawaida mgonjwa huonekana kwanza, na chanzo hutafutwa baadaye. Chagas alianza na mdudu, akaenda kwa kimelea, akaishia kwa mgonjwa. Ni wachache katika historia ya tiba waliofanya hivyo.

Ugonjwa unavyofanya kazi

Mdudu akimaliza kunyonya hujisaidia palepale kwenye ngozi. Mtu akijikuna usingizini, kinyesi hicho chenye vimelea huingia kwenye kidonda, machoni au mdomoni. Chagas mwenyewe alidhani vimelea huingia kwa kuumwa. Njia ya kinyesi ilielezwa na watafiti wengine baadaye. Ugonjwa pia hupita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto tumboni, kwa kuongezewa damu, na kwa chakula au juisi iliyochafuliwa na mdudu. Haupiti kwa kupeana mikono wala kula pamoja.

Mwanzoni huja homa, na wengi hawahisi kitu. Kisha hunyamaza, pengine miaka 20 au zaidi. Kati ya watu 10 walioambukizwa, hadi 3 huishia kuharibikiwa moyo, na wengine huvimba umio au utumbo mpana. Dawa mbili zipo, benznidazole na nifurtimox. Zikitolewa mapema, hasa kwa mtoto mchanga, karibu wote hupona. Zikichelewa, nguvu yake hupungua.

Heshima nje, ubishi nyumbani

Chagas alipata tuzo na heshima nchi nyingi, na jina lake lilipendekezwa kwa Tuzo ya Nobel mwaka 1913 na tena 1921. Hakuipata. Cruz alipofariki mwaka 1917, Chagas alichukua uongozi wa taasisi yao. Mafua makali ya 1918 yalipoivamia Rio, aliongoza kazi ya kuwahudumia wagonjwa. Kuanzia 1920 alisimamia idara ya afya ya nchi nzima, akasukuma huduma kufika vijijini na kusaidia kuanzishwa kwa chuo cha wauguzi wa kisasa.

Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1920 madaktari wenzake katika Chuo cha Taifa cha Tiba walimshambulia. Walidai ugonjwa huo ni wa watu wachache wa Lassance tu, na kwamba kuutangaza ni kuiaibisha Brazil mbele ya mataifa. Yeye alikuwa anasema kinyume, kwamba wagonjwa ni wengi ila wako vijijini, kwenye nyumba mbovu, mbali na macho ya wakubwa. Ubishi huo uliurudisha nyuma utafiti kwa miaka.

Alifariki Rio tarehe 8 Novemba 1934, ghafla, kwa maradhi ya moyo, akiwa hajafikisha miaka 60. Baadaye daktari Salvador Mazza wa Argentina alikusanya mamia ya wagonjwa nchini kwake, na ikadhihirika kwamba Chagas alikuwa sahihi.

Familia za leo

Leo Shirika la Afya Duniani linakadiria zaidi ya watu milioni 6 wana maambukizi hayo, na wengi wao hawajui. Mwaka 1991 nchi za kusini mwa bara hilo ziliungana kupuliza dawa majumbani na kupima damu ya wachangiaji, na Uruguay, Chile na Brazil zikathibitishwa kumdhibiti mdudu mkuu wa majumbani. Pamoja na dawa, kilichosaidia ni nyumba zenyewe: kuziba nyufa, kupiga lipu, kuezeka bati, kutenga kuku na mifugo na chumba cha kulala, na kutumia chandarua.

Watu walihama, na ugonjwa ukahama nao ndani ya damu. Marekani ilianza kupima Chagas kwenye benki za damu mwaka 2007. Katika jamii za Walatino huko, wahudumu wa afya wa ngazi ya jamii hubisha hodi na kuzungumza Kihispania na akina mama. Wanawaambia kama ulizaliwa au ulilelewa kijijini Bolivia, El Salvador au Mexico, pima, na kama mama ana maambukizi, watoto wapimwe wote. Kila tarehe 14 Aprili dunia huadhimisha siku ya ugonjwa huu.

Kwetu Afrika Mashariki kinyozi haenezi ugonjwa huu. Sisi tuna mbung'o, malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Ukirudi kutoka porini au kwenye hifadhi, ukapata homa isiyoisha, kuvimba tezi za shingo au usingizi usio wa kawaida, nenda kituo cha afya na umwambie mganga ulikuwa wapi. Bila kujua ulikotoka, anaweza kukutibu malaria peke yake.