Mbiyu Koinange: Kutoka Joho la Ohio hadi Githunguri

Hapa Nakuru, Mbiyu Koinange hukumbukwa kama waziri aliyekuwa ubavuni mwa Mzee Kenyatta katika Ikulu ya mji huu. Uwaziri huo umeandikwa sana, wala si kwa sifa tupu. Ni wachache mno wanaomkumbuka kama mwalimu.

Mwana huyu wa Chifu Koinange wa Mbiyu aliondoka Kiambu mwaka 1927 kwenda Hampton, Marekani. Alihitimu shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Ohio Wesleyan na ya uzamili katika Columbia, enzi ambapo Mwafrika mwenye joho alikuwa kioja machoni pa walowezi. Aliporejea mwaka 1938, serikali ya kikoloni haikumpa nafasi iliyolingana na shahada zake. Basi mwaka 1939 akafungua chuo cha walimu huko Githunguri. Marika ya Wagikuyu yalishindana kukichangia. Hata maskwota wa Bonde la Ufa, wenye shule zao huru, walikitazamia kiwape walimu.

Mwaka 1952 serikali ilikifunga. Mahali hapo pa masomo pakatundikwa vitanzi vya kuwanyongea waliohukumiwa kwa Mau Mau. Mbiyu alikuwa London, babaye, kizuizini.

Alirudi, akawa waziri, akapoteza kiti cha Kiambaa mwaka 1979, akafariki mwaka 1981.