John Backus: Mvivu Aliyeifundisha Mashine Kazi

Nilipoambiwa niandike maisha ya mtu mashuhuri, wenzangu walidhani nitachagua mwanasiasa au mkimbiaji. La hasha! Nimemchagua mtu aliyekuwa akifeli mitihani kila mara, manake najua tumo wengi humu ambao siku ya kupeleka ripoti nyumbani hutembea polepole.

John Warner Backus alizaliwa tarehe 3 Desemba 1924 mjini Philadelphia, Marekani, akalelewa Wilmington, jimbo la Delaware. Katika shule ya bweni aliyopelekwa, masomo hayakumpendeza hata kidogo. Alianguka mwaka baada ya mwaka, na wenzake wakienda likizo yeye alikwenda masomo ya ziada. Mwaka wa 1942 aliingia Chuo Kikuu cha Virginia kusomea kemia. Wapi! Darasani hakuonekana, akatimuliwa. Mwaka wa 1943 akawa mwanajeshi. Huko alifanya vizuri katika majaribio ya akili, akapelekwa kusomea uhandisi, kisha udaktari. Lakini aligunduliwa uvimbe katika fuvu la kichwa, akapasuliwa na kuwekewa bamba. Udaktari nao akauacha baada ya miezi michache.

Basi akawa yuko tu New York, hana mbele wala nyuma. Alitaka redio yenye sauti nzuri, hivyo akajiunga na shule ya mafundi wa redio. Mwalimu mmoja akamwomba amsaidie kupiga hesabu za saketi, na hapo ndipo hisabati ilipomwingia damuni. Alipata digrii ya hisabati katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka wa 1949. Mwaka uliofuata alizuru ofisi za IBM, akaiona tarakilishi kubwa ajabu, akauliza kazi na kuajiriwa siku iyo hiyo.

Siku hizo kuprogramu hakukuwa mchezo. Kila hatua ndogo iliandikwa kwa maagizo ya mashine yenyewe, na kosa moja lingeweza kukupotezea siku nzima. Backus, mvivu wetu, aliichukia kazi hiyo. Mwaka wa 1953 alitengeneza mfumo ulioitwa Speedcoding. Mwandishi alipata nafuu, lakini mashine ilikwenda kwa kujikokota, kwani ilibidi ifasiri kila amri wakati wa kuitekeleza. Hapo pana fumbo, ndugu msomaji: umpumzishe mtu au uiharakishe mashine?

Backus alivitaka vyote viwili. Aliwaeleza wakubwa wake kwamba kuandika programu na kusaka makosa kulikula hadi robo tatu ya gharama za kuendesha tarakilishi. Akapewa kikundi cha kuunda lugha ya Fortran pamoja na kompaila, yaani programu inayoitafsiri lugha hiyo yote kuwa maagizo ya mashine kabla kazi haijaanza. Wajuzi wengi hawakuamini. Eti mashine iandike kama binadamu stadi? Naye Backus alijua wazi kwamba iwapo programu zake zingekwenda nusu ya kasi ya zile za mkono, hakuna ambaye angezigusa.

Kwa hiyo walitoa jasho kwenye kompaila. Bi. Lois Haibt alishughulikia jinsi ya kukadiria ni sehemu zipi za programu zitakazorudiwa mara nyingi. Hata majina yalisaidia: jina lililoanza kwa herufi kati ya I na N lilikuwa la namba kamili, mengine yakawa ya namba zenye desimali. Kompaila ikijua aina ya kitu mapema, huchagua agizo linalofaa bila kupoteza wakati. Kazi waliyodhani ni ya miezi sita ilichukua kama miaka mitatu. Fortran ilipotolewa mwaka wa 1957, wakati mwingine ujanja wa kompaila uliwashangaza hata waliyoiunda.

Mtu mwingine angekaa kitako ale sifa. Mwaka wa 1977 Backus alipewa Tuzo ya Turing, akasimama jukwaani na kuzikosoa lugha za ukoo wa Fortran, mtoto wake mwenyewe! Alisema zinamlazimisha mtu kufikiri kama mashine, neno moja moja. Akapendekeza programu zijengwe kwa kuunganisha fanksheni, kama katika hisabati.

Hebu tuchukue alama za darasa. Fanksheni moja inaongeza 5 kwa kila alama, nyingine inazidisha kila jibu kwa 2. Zikifuatana, zinapendeza kusoma, lakini mashine inaweza kutengeneza orodha nzima ya katikati isiyo na haja. Ni kama kuhamishia uji kwenye sufuria ya pili kabla ya kuumimina kikombeni. Kanuni za Backus zilionyesha kwamba hatua hizo mbili ni sawa na kupitia orodha mara moja tu, ukiongeza na kuzidisha papo hapo. Yaani usafi wa lugha unaweza kuisaidia kompaila badala ya kuilemea.

Hata hivyo, lugha yake ya FP haikuenea. Fanksheni inayopokea kitu chochote huigharimu mashine, kwani isipojua aina mapema, itabidi ipime wakati kazi inaendelea. Kwa upande huo wa aina, Robin Milner na wenzake kule Edinburgh, Uskoti, walikuwa wameanzisha ML, ambayo kompaila yake inazigundua aina yenyewe. Haskell ya mwaka 1990 ilifuata nyayo hizo, na kompaila zake hutumia kanuni kama ile ya kuunganisha hatua mbili.

Backus alistaafu mwaka wa 1991, akafariki tarehe 17 Machi 2007 mjini Ashland, Oregon, akiwa na umri wa miaka 82.

Wenzangu, sisemi tukwepe masomo, Virginia hawakumbembeleza. Nasema aliyefeli jana akipata swali linalomnyima usingizi, asiliache. Na akishalijibu, awe na ujasiri wa kulikosoa jibu lake mwenyewe. Hapo natia nanga.