Kakungulu: Mpiganaji aliyewarithisha watoto wake Sabato

Mfanyabiashara anayetoka Mutaho, akapita Muyinga na kuvuka mpaka wa Kobero, kisha akazunguka Tanzania hadi Mutukula, Kampala na Mbale, akifika huko Ijumaa jioni asishangae kukuta baadhi ya wenyeji wamefunga kazi mapema. Hao ni Abayudaya, yaani Wayahudi wa Uganda, na jioni hiyo Sabato yao inaingia. Imani hiyo wameipata kwa Semei Kakungulu.

Kakungulu alizaliwa Koki, kusini mwa Uganda ya leo, karibu mwaka 1869. Alikulia Buganda, akawa Mkristo wa Kiprotestanti na jemadari mwenye jina. Mwaka 1899 alikuwamo katika msafara uliowakamata wafalme Kabalega wa Bunyoro na Mwanga wa Buganda. Baadaye akaliongoza jeshi lake kuelekea mashariki, akajenga ngome, akachimba barabara na kupanda miti kando yake. Mji wa Mbale ulianza mikononi mwake.

Alitumaini kwamba Waingereza wangempa ufalme wa nchi aliyoitwaa. Hawakumpa. Walimpunguzia madaraka, wakampeleka kusimamia Busoga kuanzia 1906 hadi 1913, kisha akarudi Mbale akiwa mtu aliyevunjika moyo.

Hapo ndipo alipozama katika Biblia. Alijiunga kwanza na Wamalaki, dhehebu lililokataa dawa za hospitali. Lakini kadiri alivyosoma vitabu vya Musa, aliona amri ya tohara haijafutwa. Wenzake walimwonya kwamba tohara ni ya Wayahudi. Yeye akaamua kwamba, kama ni hivyo, basi ni Myahudi. Mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe, akaachana na Wamalaki. Mwaka 1922 alitoa kitabu cha Kiganda cha sala na maagizo kwa wafuasi wake. Myahudi mgeni aliyepita Mbale aliwafundisha kalenda ya sikukuu na namna ya kuchinja.

Kakungulu alifariki mwaka 1928. Ufalme hakuuacha, na ardhi yake nyingi ilikwisha kupungua. Wafuasi wake walibaki wachache, bila rabi, mbali na Wayahudi wengine wa dunia. Walichokuwa nacho ni Sabato, tohara, na wazee wa kuwasimulia watoto.

Jaribio kubwa lilikuja wakati wa Idi Amin, aliyepiga marufuku ibada zao katika miaka ya 1970. Masinagogi yalifungwa. Wengi wakahamia dini nyingine ili wapate amani, wengine wakasali kwa siri majumbani. Jamii iliyohesabiwa kwa maelfu ikabaki mamia. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na jioni hiyohiyo Pasaka ya Kiyahudi, sikukuu ya kukumbuka kutoka utumwani, ilikuwa inaanza. Abayudaya hawajasahau hilo.

Vijana waliolelewa katika siri hiyo ndio waliofufua sinagogi la kilima cha Nabugoye. Mmoja wao, Gershom Sizomu, alisomea Marekani, akawekwa kuwa rabi mwaka 2008, na mwaka 2016 akachaguliwa mbunge.

Kwa wakulima wa kahawa wa Mutaho kuna jambo la karibu zaidi. Mwaka 2004 Abayudaya, Waislamu na Wakristo wa vilima vya Mbale waliunda ushirika mmoja wa kahawa, wakauita Mirembe Kawomera, maana yake amani tamu. Kila mmoja ana siku yake ya kusali, na gunia linapimwa kwenye mzani uleule.

Kakungulu alitaka kiti cha enzi akakikosa. Desturi aliyoiingiza nyumbani kwake mwaka 1919 imepita miaka mia moja, na inaendelea kupokewa na watoto kila Ijumaa jua linapozama.